Kamanda

Maofisini siku hizi meneja akisifiwa huitwa kamanda. Neno nalipenda. Linaloniudhi ni nusu yake inayoachwa njiani.

Usukumani neno hilo liliota mizizi vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu, yaani walinzi wa jadi, walipowakabili wezi wa ng'ombe. Walikuwa na mtemi, katibu na kamanda, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikawatambua. Kamanda yule aliishi kwa imani ya wanakijiji wenzake, waliomjua tangu utoto. Wapo waliovuka mipaka, wakatesa watuhumiwa hata kuwaua. Amri bila uadilifu hufika huko, tena upesi.

Sasa nenda Nassa, wilayani Busega, huko huko Usukumani, msimu wa pamba. Mkulima anapopandisha mzigo wake kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hatafuti mtu wa kumpigia saluti. Anataka kilo zake zote ziandikwe. Zikipungua, nani anajibu?

Jeshini amri hushuka, lakini lawama hupanda: kikosi kikivurunda, anayeitwa kujieleza ni kamanda. Kwenye kampuni nyingi, hesabu zikipotea hufukuzwa karani, na bosi hubaki na cheo chake. Huyo tumwite meneja tu.