Kila Mlevi Ana Mlango Wake

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim.

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza: sisi watu wa pwani tuna nini na pombe ya Ngara na Biharamulo, wilaya za mkoa wa Kagera zilizo mbali nasi kwa safari ya siku mbili? Jawabu lake ni jepesi. Malori yanayopakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Ngara, yakavukia Rusumo au Kabanga. Wako vijana wetu miongoni mwa madereva wake na utingo wake. Wengine wamehamia huko kwa biashara, wakaoa na wakazaa. Na mara nyengine kijana aliyetoka kwao akijua Yasin kwa moyo hurudi akinuka pombe, na wazee wake hawajui wamfanye nini. Wengine humfukuza. Wengine humficha chumbani. Wengine humpeleka kwa kila anayedai kuwa ana dawa, wakala hasara ya mali na ya wakhti.

Basi tumeona tueleze khabari za pombe katika nchi hiyo, na namna watu walivyojaribu kuiponya, ili tupate funzo moja: walevi hawana hali moja, na kwa hivyo hawana dawa moja.

POMBE KATIKA NCHI YA NDIZI

Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi. Biharamulo ni nchi ya Wasubi na Wazinza, na boma walilojenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 lingali limesimama huko. Watu wa pwani waliijua njia hiyo tangu zamani. Mwaka 1861 Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alipita Usui kwenda Karagwe, na katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wengi waliotoka Unguja na mrima. Njia hizo hizo za biashara ndizo zilizoupeleka Uislamu bara.

Huko ndizi ni chakula na ni kinywaji. Ndizi za pombe huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, na maji yake hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Kisha hufunikwa katika mtumbwi wa kuchongwa, na baada ya siku moja au mbili yamekwisha kuwa pombe. Pombe hiyo ilikuwa ndiyo salamu ya mgeni, ndiyo faini ya mkosaji, ndiyo shukrani ya waliokuja kukulimia shamba. Posa haikwenda bila ya mtungi, wala matanga hayakuondoka bila ya mtungi. Asiyekunywa alionekana kama aliyekataa kuwa jirani.

Na sisi tusijione watakatifu. Tembo la mnazi linagemwa pwani nzima, tangu Lamu hata Mtwara, na wanunuzi wake tunawajua.

Kisha mambo yakabadilika. Kodi ilipoanza kudaiwa kwa fedha, pombe nayo ikawa biashara. Mjane asiye na shamba la kahawa akawa anauza pombe ili apate karo ya watoto. Ikaingia na gongo, ambayo ni kali mara nyingi kuliko pombe ya ndizi, kwa kuwa hupikwa na mvuke wake ukakusanywa. Serikali iliitungia sharia mwaka 1966, ikaiita moshi, na kuipika bila ya idhini ikawa ni kosa. Baadaye vikaja viroba, pakiti ndogo za plastiki ambazo hata mtoto wa skuli aliweza kuzinunua kwa senti zake. Viroba vikapigwa marufuku Tanzania nzima tangu tarehe 1 Machi 2017. Sharia hizi zina kheri ndani yake, kwa sababu zinapunguza sumu sokoni. Lakini sharia huifunga chupa, haiufungi moyo wa mtu.

DAWA MOJA KWA WATU WOTE

Hebu tutazame waliojaribu kuwaponya walevi wenyewe.

Katika miaka ya 1930 ilitoka Gahini, Rwanda, harakati ya Wakristo walioitwa Balokole, yaani waliookoka, ikaenea Uganda, Burundi na magharibi ya Tanganyika. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akaungama dhambi zake na pombe yake, kisha wenzake wakamshika mkono. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili walikutana, na kukutana kwao ndiko kulikoanzisha Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wasiotajana majina. Nao pia hukaa pamoja, hukiri udhaifu wao na hufuata hatua kumi na mbili. Tangu hapo nyumba nyingi za tiba duniani zimefuata mwendo huo: mtu huwekwa ndani mwezi mmoja au zaidi, hupitishwa hatua zile zile, kisha huruhusiwa kwenda zake.

Wapo waliookoka na ulevi kwa njia hizo, na haki ni kusema hivyo. Lakini wako wasioweza kusema siri zao mbele ya umati. Wako ambao nyumba ya tiba iko mbali nao. Mtu wa Ngara akitaka kufika Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Dodoma tangu 1927, ana safari ya zaidi ya kilomita 700. Na wako waliokaa ndani mwezi mzima, wakarudi kijijini na kuikuta sababu iliyowanywesha inawangojea mlangoni. Watu kama hawa wakirudia pombe huambiwa kuwa hawana imani, hali ya kuwa huenda walipewa dawa isiyokuwa yao.

MWENDO WA MTUME (S.A.W.) NA MASAHABA

Sasa turejee katika historia yetu. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wazoefu wa ulevi kama mvuvi alivyozoea bahari. Mwenyezi Mungu hakuwaharimishia kwa siku moja. Kwanza, katika Sura ya An-Nahl, aya ya 67, aliutaja ulevi utokao katika tende na zabibu mbali na riziki njema. Kisha katika Al-Baqara, aya ya 219, akabainisha kuwa madhara yake yamezidi manufaa yake. Kisha katika An-Nisaa, aya ya 43, akakataza kuikaribia Sala katika hali ya kulewa. Na Sala ni tano, basi mnywaji hakubakiwa na nafasi ila baada ya Isha au baada ya Alfajiri. Mwili ukazoea kukaa bila ya kileo kutwa nzima. Hapo ndipo ilipoteremka Al-Maida, aya ya 90 na 91, na tende zilizochacha zikamwagwa mpaka zikatiririka katika njia za Madina. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa lau amri ya kwanza ingalikuwa ni kuacha ulevi, watu wangalisema hawaachi kamwe.

Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alipotumwa Yemen aliuliza khukumu ya vinywaji vya huko vya asali na vya shayiri. Akajibiwa kuwa kila kileweshacho ni haramu. Basi pombe ya ndizi nayo haina udhuru, na khukumu ni moja kwa wote. Lakini tazama jinsi watu walivyotendewa, mmoja mmoja.

Alikuwako mtu aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), naye akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi na akiadhibiwa. Siku moja mtu mmoja akamlaani. Mtume (S.A.W.) akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilikuwapo, lakini hakutolewa katika jamaa.

Alikuwako mtu mwengine katika nchi ya Sham, shujaa, akamezwa na ulevi. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata khabari zake hakumpelekea askari. Alimwandikia barua ya kumkumbusha, kwa aya za mwanzo za Sura ya Ghafir, kuwa Mola ni mwenye kusamehe dhambi na ni mkali wa kuadhibu. Akawataka waliokuwapo wamwombee dua. Mtu yule aliisoma barua akairudia, akalia, akaacha. Umar akawafunza watu kuwa ndugu yao akiteleza wamwinue, wala wasimsaidie Shetani dhidi yake.

Na wanahistoria wanasimulia khabari ya Abu Mihjan, aliyefungwa minyororo kwa ajili ya ulevi wakati wa vita vya Qadisiyya, karibu na mwaka 636. Alimwomba Salma, mke wa Saad bin Abi Waqqas, amfungulie akapigane, na akaahidi kurudi. Akapigana kwa ushujaa, kisha akarudi mwenyewe kuutia mguu wake mnyororoni. Saad alipojua akamwacha huru, na Abu Mihjan akaapa kutokunywa tena.

Mmoja alihifadhiwa kwa mapenzi ya jamaa zake. Wa pili alipona kwa barua iliyomfikia yeye peke yake. Wa tatu alipona kwa kuaminiwa na kupewa kazi ya heshima. Lau wote wangalipewa dawa ya mmoja, pengine wawili wangalipotea.

WASEMAVYO MADAKTARI

Elimu ya tiba nayo imeifikia njia hii. Shirika la Afya Duniani lilifanya uchunguzi katika nchi kadhaa, Kenya na Zimbabwe zikiwamo, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1996. Ilionekana kuwa wanaume waliozungumzwa nao faragha juu ya unywaji wao walikunywa kila siku kwa kiasi cha asilimia 17 chini ya wasiozungumzwa nao, na dakika tano za nasaha nyepesi zilifaa sawa na dakika ishirini. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, katika miaka ya 2020 walianza kulijaribu jambo hilo kwa majeruhi, katika kazi waliyoipa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi huzungumza na mgonjwa peke yake, kisha baadhi yao hupelekewa ujumbe wa simu, na wengine ujumbe huo hutungwa kulingana na hali ya mtu mwenyewe.

Ziko na dawa. Disulfiramu, iliyojulikana Denmark katika miaka ya 1940, humfanya anywaye pombe augue vibaya. Naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa walevi mwaka 1994, hupunguza hamu na ladha ya ulevi. Dawa hizi hutolewa na daktari tu. Tunaonya khasa juu ya watu wa nyumbani wanaomtilia mlevi disulfiramu ndani ya chai bila ya yeye kujua: huko ni kuhatarisha roho yake.

Onyo jengine ni kubwa zaidi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akaacha kwa ghafla, anaweza kupatwa na kutetemeka, kuweweseka na kifafa, na wengine hufa. Kumfungia chumbani mtu kama huyu kwa niaba ya kumtubisha ni kumdhulumu. Apelekwe hospitali, aachishwe chini ya uangalizi. Na daktari akiliachisha jambo kwa daraja, asidhani mtu kuwa pombe imehalalishwa. Mwisho wa safari ni kuacha kabisa. Kinachotafautiana ni njia ya kufikia.

MLANGO WA KILA MMOJA

Basi mzee mwenye kijana mlevi aanze kwa kuuliza, kabla ya kukaripia: huyu anakunywa kwa nini?

Akiwa anakunywa kwa ajili ya marafiki, dawa yake ni marafiki wengine. Dereva anayelala Rusumo akingojea karatasi za forodha, akiwa hana pa kukaa ila kilabuni, atafutiwe nyumba ya Muislamu, msikiti na chakula cha usiku. Akiwa anakunywa kwa msiba, kuzika mke au kufilisika, basi pombe ni moshi na msiba ndio moto. Aliye karibu naye akae naye, amsikilize. Akiwa mwili wake umekwisha tekwa, mikono ikitetemeka asubuhi mpaka anywe, huyo ni mgonjwa na njia yake ni ya hospitalini. Na akiwa ni mjane apikaye pombe kwa ajili ya karo, mawaidha peke yake hayatampikia chungu. Huyo anahitaji mtaji, na Zaka ina fungu la maskini.

Wala tusisahau kuwa maji ya ndizi kabla hayajachacha ni matamu na ni halali. Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa tende au zabibu, akinywa maji yake kwa muda usiozidi siku tatu, na yaliyosalia yakimwagwa. Muislamu wa Ngara anaweza kumkirimu mgeni kwa ndizi zile zile za shamba lake, maadamu amezikamua leo na hakuzifunika mpaka kesho kutwa. Heshima ya posa na ya jirani ikabaki, na haramu ikaondoka.

Enyi wazazi, mlango wa nyumba usifungwe. Kijana aliyefukuzwa kwao ana mlango mmoja tu uliobaki wazi usiku na mchana, nao ni wa kilabu. Kemeeni kitendo, mshikeni mtu. Na akianguka mara ya pili, mkumbukeni yule aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mara kwa mara na akabakia kuwa ni mwenzao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walioko safarini, na awaponye waliokwisha tumbukia. Amin.