Jinsi mume anavyoweza kumfaa mkewe wakati wa kujifungua

Miongoni mwa Abagusii wa Nyamira, uzazi kwa desturi ulikuwa shughuli ya wakunga na akina mama. Mume alingoja nje. Hata hivyo, mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mjamzito awe na mwandani amchaguaye mwenyewe wakati wa uchungu.

Mapema, mume atafute gari na kuweka akiba ya nauli, kwani njia za milimani huteleza mvua inyeshapo. Wakielekea au wakiwa hospitalini, amsugue mgongo, amsaidie kutembea na kumpa maji. Mkewe akivuja damu nyingi au kuona kiwi, asingoje kuche: kuchelewa huua.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa baba aliyeajiriwa likizo ya majuma mawili yenye malipo.