Foto ya karibu ya imbwa au paka nyumbani: simu ingoje, mnyama akuje mwenyewe

Pua kubwa imejaza kioo cha simu, macho mawili yanachungulia nyuma yake, masikio yamebakia madogo kule mbali. Foto za namna hiyo zinachekesha, na kwa WhatsApp zinazunguka haraka, toka Bunia mpaka Kalemie. Kuzipiga hakuombi kamera ya bei kali. Kinachoomba uangalifu ni kwamba mpiga foto, mara mingi mtoto wa nyumba, anakaribisha mukono na uso wake kwa meno ya mnyama. Kanuni moja inasaidia foto na inamlinda mtoto pia: mnyama njo anaifuata simu, si simu inamfuata mnyama.

Desturi ya zamani

Kuchekesha watu kwa foto za wanyama wa nyumbani hakukuanza na simu. Uingereza, mjini Brighton, Harry Pointer alijulikana katika miaka ya 1870 kwa foto za paka waliokaa kama watu, wengine kama wanakunywa chai, na maneno mafupi ya mzaha yameandikwa chini. Japani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni Artlist ilijulisha picha za imbwa wadogo wenye kichwa kikubwa na miguu midogo, kwa jina The Dog.

Siri ya pua kubwa ni umbali. Kama pua iko sentimita 10 mbele ya simu na masikio yako sentimita 20, pua inaonekana mara mbili zaidi kuliko ingeonekana kama ingekuwa sawa na masikio. Simu ikirudi nyuma mpaka mita moja, tofauti hiyo karibu inaisha, na uso unatoka kama vile ulivyo. Kwa hiyo anayetaka mzaha anapigia karibu. Anayetaka sura ya kweli anarudi nyuma, kisha anavuta picha kidogo.

Namna ya kuipiga

*Mwangaza.* Fasi nzuri ni kwenye barza au karibu na dirisha, rido ikiwa wazi. Mashariki mwa Congo jua linatoka na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka muzima, kwa hiyo mwangaza wa pole unapatikana asubuhi mpaka saa mbili, na jioni toka saa kumi. Jua la saa sita linaleta kivuli kikali chini ya macho.

*Flashi izimwe.* Nyuma ya jicho la imbwa na la paka kuna ngozi laini inayorudisha mwangaza, njo maana macho yao yanawaka usiku. Flashi inayafanya yatoke kijani au manjano kwenye foto, na mnyama anashituka.

*Jicho la kamera lipanguswe.* Simu inayokaa jikoni karibu na makala inashika moshi na mafuta. Kitambaa safi na kikavu kinatosha.

*Umbali.* Simu mingi hazioni wazi kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10. Pua ikigusa kioo, foto inatoka na ukungu. Kidole kiguse jicho la mnyama kwenye kioo cha simu, ili jicho litoke wazi, hata kama pua haitoki vizuri.

*Urefu.* Mpiga foto ashuke, akae chini kwa kitanda cha majani au kwa sima, simu ifikie macho ya mnyama. Hapo imbwa anakaribia mwenyewe juu ya kutaka kujua.

*Chambo.* Sambaza moja kavu kule Bukavu au Goma, ndagala kule Uvira au Kalemie, ishikwe juu kidogo ya simu. Paka atainua uso. Sauti ndogo ya mfuko wa plastiki inamfanya imbwa ainamishe kichwa, lakini akiisikia mara ya tatu au ya nne hatajali tena. Foto kumi zipigwe haraka, moja ibakie.

*Manyoya meusi.* Imbwa mweusi mara mingi anatoka kama kivuli. Baada ya kugusa uso wake kwenye kioo, mwangaza uongezwe kidogo kwa kidole.

Kobayi, ambaye fasi zingine anaitwa simbilisi, macho yake yako pembeni. Yeye anapendeza akipigwa foto ya upande, akiwa anakula majani. Asitolewe fasi yake na kushikwa hewani. Aogopaye hivyo anatafuta kukimbia na anaweza kuanguka.

Alama za kuacha

Imbwa anayegeuza uso, anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayeonyesha weupe wa macho au kuficha mkia, anaomba nafasi. Anayekauka mwili na kutazama bila kusonga amekaribia kuuma. Paka anaonyesha hivyo kwa kulaza masikio na kupiga mkia huku na huku. Foto mingi zinazochekesha watu kwenye simu ni za wanyama walio katika hali hiyo. Alama moja ikionekana, simu inashushwa.

Imbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa kamba au mwenye watoto hapigwi foto ya karibu. Imbwa wa njiani vilevile. Na mtoto hasimami peke yake na simu mbele ya imbwa: mkubwa mmoja awe pale.

Sababu ni kichaa cha imbwa. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (OMS), imbwa njo wanaleta mpaka 99% ya ugonjwa huo kwa watu, na karibu 40% ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Ugonjwa unapita kwa mate. Alama zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu siku zote anakufa. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku ileile juu ya chanjo, hata kama kidonda ni kidogo. Imbwa wa nyumba naye achanjwe na veterineri.

Wasio wanyama wa nyumba

Mtoto wa sokwe, ambaye wengi wanamuita sokomutu, hata akivalishwa nguo na kuchekesha, si mnyama wa kufuga. Sheria ya Congo inamlinda, na mara mingi mama yake ameuawa ili mtoto akamatwe. Foto yake ikizunguka, inamtafutia muuzaji wateja. Kituo cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kinapokea mayatima kama hao tangu 2002.

Foto ya pili

Kila anayefuga apige pia foto ya kawaida: mnyama muzima, upande wa kuume na wa kushoto, na alama yake, kama kovu, doa au sikio lililokatika. Katika majimbo ya mashariki familia zimehama mara mingi juu ya vita, na Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 watu wengi wa Goma walitoka mbio. Wakati kama huo wanyama wanabaki au wanapotea. Foto hiyo itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine, juu simu nayo inaweza kupotea. Pua kubwa inachekesha, lakini jirani anayesaidia kutafuta hatamjua imbwa kwa pua peke yake.