Ruzuku ya Salfa katika Nachingwea na Ruangwa

Kitenzi "kuruzuku" kina undugu na neno "riziki", na asili ya yote mawili ni Kiarabu. Katika matumizi ya zamani aruzukuye ni Mungu, na aruzukiwaye ni mja asiye na cha kulipa. Katika lugha ya serikali, ruzuku ni fedha zitolewazo ili kumpunguzia mkulima gharama. Hata hivyo maana ya zamani haikutoka kabisa: apokeaye ruzuku huonekana kama mtu aliyefadhiliwa. Historia ya Nachingwea na Ruangwa yatupa nafasi ya kuipima fikra hiyo.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa na mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa kwa mitambo, na reli ikajengwa. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kupotea zaidi ya pauni milioni 35. Fedha hizo zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, na haja iliyokusudiwa ilikuwa yao. Reli yenyewe iling'olewa miaka michache baada ya Uhuru.

Zao lililokaa mikononi mwa wenyeji ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Watu walihamishiwa vijijini, wakawa mbali na mikorosho yao. Kisha ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe ukaushao maua. Dawa yake ni salfa, nayo hununuliwa ng'ambo. Tena huhitajika wakati mikorosho inapochanua, yaani wakati fedha za mavuno yaliyopita zimekwisha na mavuno mapya hayajaonekana. Asiyepuliza dawa wakati huo hana atakachookota. Hii ndiyo sababu ya ruzuku.

Basi fedha hizo zilitoka wapi? Kwa Sheria ya Korosho ya mwaka 2009 na marekebisho yake, korosho ghafi zisafirishwazo nje zilitozwa ushuru. Asilimia 65 ya ushuru huo iliwekwa kwa ajili ya kuliendeleza zao lenyewe, pamoja na utafiti na pembejeo, na asilimia 35 ikaingia Hazina. Kwa jina, mlipaji ni msafirishaji. Lakini mnunuzi ajuaye kwamba atatozwa bandarini huupunguza ushuru huo katika bei aitajayo mnadani. Kwa hiyo mkulima wa Ruangwa, Nachingwea au Liwale, auzaye kupitia chama chake cha msingi na chama kikuu cha RUNALI, amekwisha kulipa sehemu ya salfa kabla hajaipokea.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 2018. Mwezi wa Juni Bunge lilibadili sheria, na ushuru wote ukaelekezwa katika mfuko mkuu wa serikali, ingawa wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu. Mwezi wa Novemba, wakulima walipozikataa bei za wanunuzi, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazisomba. Katika mwaka mmoja, serikali iliondoa msaada kwa mkono mmoja na kuuleta kwa mkono mwingine. Baadaye, katika msimu wa 2022/23, salfa iligawiwa tena bila malipo.

Mkulima hushukuru apewapo, na ni vema. Lakini aliyepewa hisani hana haki ya kuuliza hesabu. Aliyerudishiwa sehemu ya jasho lake anayo. Mradi wa karanga ulitumia fedha za wengine kwa haja ya wengine, na wenyeji hawakutakiwa shauri. Ruzuku ya salfa imetokana na mikorosho yao wenyewe. Kwa hiyo yapasa neno "ruzuku" litumiwe kwa uangalifu, lisije likamficha mruzuku wa kweli.