Pembe ya Kunolea: Kuiweka na Kuirejesha

Kitazame kisu cha jikoni kwa kioo cha kukuzia na utaona kwamba bapa lake haliendi moja kwa moja hadi kwenye makali. Likikaribia mwisho hukatika ghafla, na kuanzia hapo kuna utepe mwembamba unaong'aa, ulioinama zaidi kuliko bapa lenyewe. Utepe huo ndio unaosagwa kila kisu kinaponolewa. Neno mshazari linaufaa vizuri. Pale bapa linapoishia na mshazari kuanza nitapaita bega, na pale mishazari ya pande mbili inapokutana ndipo penye makali. Kisu chenye unene wa nusu milimita mabegani, kikinolewa kwa nyuzi 20 kila upande, huwa na mshazari wenye upana wa milimita 0.73 hivi. Habari yote ya kinoo, skrubu na vipimo tutakayoieleza hapa inaishia ndani ya utepe huo.

Pembe ya mshazari hupimwa kwa namna mbili, na hapo ndipo watu wanapopishana. Wengine huipima kutoka mstari wa katikati ya kisu hadi mshazari mmoja. Hiyo naiita pembe ya upande. Wengine hupima mwanya wote kutoka mshazari wa kulia hadi wa kushoto. Hiyo ni pembe ya makali. Kisu kikiandikwa nyuzi 30 bila maelezo, mnunuzi hajui ameuziwa nini. Kama ni pembe ya makali, kila upande una nyuzi 15, na kisu kitapita kwenye nyanya bila kusukumwa. Kama ni pembe ya upande, makali yana nyuzi 60, manene hata kwa shoka. Visu vingi vya jikoni hunolewa kati ya nyuzi 15 na 20 kwa upande. Panga linalokutana na mafundo ya mti huhitaji 25 au zaidi. Na kuna visu kama yanagiba, kisu kirefu cha Wajapani cha kukatia samaki mbichi, ambacho kina mshazari upande mmoja tu. Kwa kisu cha aina hiyo pembe ya upande na pembe ya makali karibu ni kitu kimoja. Anayetaja nyuzi hana budi kutaja pia ni pembe ipi, na kwa kuwa kinoo hugusa upande mmoja kwa wakati, pembe ya kunolea inayozungumzwa hapa ni pembe ya upande.

Mnoa visu anayezunguka mitaani na baiskeli yake, ile ambayo ikisimamishwa kwenye stendi pedali zake huzungusha jiwe, hana haja ya nyuzi. Pembe yake iko kwenye kifundo cha mkono. Akimfundisha kijana kazi atamwambia alaze kisu au akisimamishe: ukilaza, pembe inapungua, ukisimamisha, inaongezeka. Ni vitenzi vizuri sana kwa sababu vinaeleza mwendo wenyewe wa chuma juu ya jiwe, na sioni sababu ya kuviacha hata tukihamia kwenye vifaa vyenye namba.

Kifaa kinachofanya kazi ya kile kifundo cha mkono nakiita kinoleo cha fimbo, kwa umbo lilelile lililotupatia kichongeo cha penseli. Kisu hubanwa kwenye jiriwa dogo, makali yakitazama nje. Kinoo hufungwa kwenye fimbo ya chuma, na upande wa pili wa fimbo hupita kwenye tundu lililo juu zaidi ya kisu. Tundu hilo ni egemeo, neno ambalo kila aliyesoma nyenzo shuleni analifahamu. Mkono unasukuma na kuvuta. Fimbo ikishikwa na egemeo, kinoo hakiwezi kuinuka wala kulala kuliko inavyoruhusiwa.

Kinoleo cha Lansky cha Marekani, ambacho ni maarufu sana katika kundi hili, kina matundu manne yaliyoandikwa 17, 20, 25 na 30. Unachagua tundu, unapitisha fimbo, unanoa. Edge Pro, aliyoibuni Ben Dale huko Oregon, iliondoa matundu na kuweka nguzo ambayo egemeo hupanda na kushuka juu yake mahali popote unapotaka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyofungua mlango wa maboresho yote ambayo wapenzi wa kunoa wamekuwa wakiyafanya tangu hapo.

Kwa nini matundu manne hayatoshi? Kwa sababu namba iliyoandikwa kando ya tundu ni ya kisu kimoja cha kubuni. Pembe halisi hupatikana kwenye pembetatu: kimo cha egemeo juu ya kisu, na umbali wa mlalo kutoka egemeo hadi makali. Chukua kinoleo ambacho umbali huo ni milimita 200 na egemeo limeinuliwa milimita 65. Pembe yake ni nyuzi 18. Sasa bana kisu kipana zaidi, ambacho makali yake yamesogea mbele milimita 10. Kimo ni kilekile, namba iliyoandikwa ni ileile, lakini pembe imeshuka hadi 17.2. Kwenye kinoleo kidogo chenye nusu ya umbali huo, milimita zilezile 10 zingekula nyuzi moja na nusu. Hapo hatujagusa unene wa kinoo. Ukitoa kinoo kimoja na kuweka kingine kilichozidi kwa milimita moja, fimbo imeinuka, na uso wa kinoo hauko tena kwenye pembe uliyoanza nayo. Umepoteza zaidi ya robo ya nyuzi bila kugusa kitu kingine.

Boresho la kwanza, basi, ni kuweka egemeo juu ya skrubu. Bolti ya kawaida ya M6 hupanda milimita moja kwa kila mzunguko mzima. Katika kinoleo chetu cha milimita 200, mzunguko mmoja unabadilisha pembe kwa nyuzi 0.26 hivi, na robo ya mzunguko kwa chini ya nyuzi 0.07. Mkono wa binadamu unaweza kabisa kuzungusha kitufe robo mzunguko, lakini hauwezi kusukuma egemeo juu ya nguzo laini kwa robo ya milimita na kuliacha hapohapo. Nguvu ya skrubu iko hapo: inageuza mwendo mkubwa wa vidole kuwa mwendo mdogo wa chuma.

Boresho la pili watu huliruka, nami naona ndilo linalostahili kutangulia. Tundu la egemeo likiwa pana kuliko fimbo, fimbo inacheza. Ikicheza nusu milimita juu na chini, skrubu nzuri kuliko zote haikusaidii, kwa sababu pembe inabadilika kila mkono unapogeuza mwendo kutoka kusukuma kwenda kuvuta. Dawa yake ni beringi yenye tufe ndani, ile inayoweza kuinama kila upande, ambayo fimbo hupita katikati yake bila nafasi ya kuyumba. Mafundi wa magari wanaijua. Hukaa kwenye ncha za vyuma vinavyounganisha sehemu zinazotikisika. Kabla ya kununua chochote kingine, shika fimbo karibu na kinoo uitikise juu na chini. Ikigonga, anzia hapo.

La tatu ni kipimapembe cha dijitali, kiboksi chenye sumaku kinachoshika chuma na kuonyesha mwinamo hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Unakiweka kwanza kwenye bapa, unakipa sifuri, kisha unakihamishia kwenye fimbo au mgongoni mwa kinoo. Kila unapobadilisha kinoo unasoma tena na kuzungusha skrubu hadi namba irudi. Asiye nacho anaweza kutumia kaliper: kinoo kipya kikizidi cha kwanza kwa milimita moja, egemeo lipandishwe milimita 1.05 kwa pembe ya nyuzi 18, yaani mzunguko mmoja wa M6 na kidogo tu juu yake.

Mtu anaweza kuuliza faida ya sehemu ya kumi ya nyuzi kwa kisu cha kukatia vitunguu. Kama swali ni iwapo nyuzi 18 hukata vizuri kuliko 18.4, jibu ni kwamba hakuna mpishi atakayeitambua tofauti hiyo. Lakini rudi kwenye ule utepe wa milimita 0.73. Umeshaunoa kwa kinoo cha namba 400 hadi mishazari ikakutana. Sasa unaweka kinoo laini cha namba 3000, ambacho chembe zake zina ukubwa wa mikroni 5 hivi, na pembe imeshuka kwa nyuzi moja bila wewe kujua. Kinoo kinagusa bega. Kwenye makali kimebaki mwanya wa karibu mikroni 13. Unywele wa kichwani huwa na unene wa kati ya mikroni 50 na 100, kwa hiyo mwanya huo jicho haliuoni. Hata hivyo kinoo laini, kinachoondoa chuma kidogo mno kila kinapopita, kina safari ndefu kabla hakijaufuta. Mnoaji anasugua, uso wa bega unang'aa kama kioo, na makali yenyewe bado yana mikwaruzo ya kinoo cha kwanza. Kisu kinapendeza machoni na hakikati. Pembe ikiwa imekosewa kwa nyuzi 0.1 tu, mwanya ni mikroni 1.3, na kinoo laini kinaufikia mara moja.

Kosa la upande wa pili halina ubaya huo. Kisu kikisimamishwa kidogo kuliko mwanzo, kinoo kinagusa makali moja kwa moja na kuacha mshazari wa pili, mwembamba sana, juu ya ule wa kwanza. Wako wanaofanya hivyo kwa makusudi: wanapomaliza huongeza nyuzi moja au mbili ili makali yawe imara. Kwa hiyo ukiwa na shaka na kifaa chako, ni afadhali ukosee kwa kusimamisha kuliko kulaza.

Hesabu hiyo ya mwanya ndiyo inayonifanya nisiridhike na jina la kazi hii linalokuja haraka mdomoni, "urekebishaji sahihi wa pembe". Kurekebisha ni kwa kitu kilichokaa vibaya, na usahihi unamfanya msomaji adhani kwamba kuna namba moja iliyo sawa na nyingine zilizokosewa. Kazi ya skrubu, beringi na kipimapembe ni nyingine. Kuna kitendo cha kuamua kwamba kisu hiki kitanolewa kwa nyuzi 20: huko ni kuweka pembe, au kama mafundi wengi wanavyosema, kuiseti. Hufanywa mara moja, na hata matundu manne ya Lansky yanatosha. Kisha kuna kitendo cha kuirudia pembe hiyohiyo baada ya kubadilisha kinoo, baada ya kukigeuza kisu, au miezi mitatu baadaye kisu kinapokuwa butu tena. Huko ni kurejesha pembe. Maboresho yote niliyoyataja yananunuliwa kwa ajili ya kitendo cha pili, na jina lifuate kazi: urejeshaji wa pembe. Kifaa kinachoirejesha pembe kila mara kina uthabiti, hata kama namba inayosomeka juu yake imepotoka kwa nyuzi nzima. Kifaa chenye namba sahihi leo na nyingine kesho hakifai kwa kinoo laini.

Kuhakikisha kwamba pembe imerudi hakuhitaji betri. Paka mshazari wino wa kalamu nzito, ule wa kuandikia maboksi, pitisha kinoo mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi, kisha tazama. Wino ukifutika begani na kubaki kwenye makali, umelaza mno: pandisha egemeo. Ukifutika kwenye makali tu, umesimamisha: lishushe. Ukiondoka upana wote kwa pamoja, pembe imerudi. Kwa kisu kilichonolewa zamani na mtu mwingine, wino ndio njia ya kuigundua pembe yake, kwani hakuna namba ya kuanzia.

Limebaki jambo la ncha. Wengi hudhani kwamba kinoo kikisogea kutoka mpini kwenda mbele, fimbo inarefuka na pembe inapungua, hata pale makali yalipo manyoofu. Sivyo. Pembe ya kunolea ni kati ya nyuso mbili, uso wa kinoo na uso wa kisu, wala si kati ya fimbo na kisu. Mstari mnyoofu wa makali na nukta moja ya egemeo hutengeneza uso mmoja tu, na kinoo hakiwezi kutoka ndani yake. Kwa hiyo pembe ni ileile kutoka mwanzo hadi mwisho wa sehemu iliyonyooka. Kinachobadilika ni namba ya kipimapembe, kwa kuwa kinapima mwinamo wa fimbo. Ndiyo maana kisomwe wakati fimbo imesimama mraba na makali, si imeelekea kando.

Makali yanapoanza kupinda kuelekea ncha, hesabu inabadilika kweli. Kila nukta ya tumbo la kisu ina umbali wake kutoka egemeo, na mahali jiriwa lilipobana ndipo panapoamua kama ncha italazwa au itasimamishwa. Kisu kikibanwa karibu mno na mpini, ncha hupata pembe ndogo na mshazari wake hupanuka. Kikisogezwa hadi mshazari ubaki na upana mmoja mpaka mwisho, hapo ndipo pa kukibana siku zote. Kwa hiyo kwenye daftari la mnoaji, namba ya nyuzi peke yake haitoshi. Kwa kila kisu huandikwa pembe ya upande, umbali kutoka ncha hadi jiriwa kwa milimita, na kinoo kilichotumika kuiweka pembe mara ya kwanza.