Mjane tunamjua, je mgane?

Wiki iliyopita nilikuwa msibani. Binti mmoja akauliza: mwanamume aliyefiwa na mke anaitwaje? Vijana tukabaki kutazamana. Bibi mmoja ndiye aliyetuokoa: "Mgane."

Njiani nikirudi nikawaza kwamba mtu huyu hatujamsahau sisi tu. Hata sheria ya mafao ya Marekani ilimsahau kwa miaka mingi.

Rais Franklin Roosevelt alisaini sheria ya hifadhi ya jamii mwaka 1935. Mwanzoni ilimlenga mfanyakazi mwenyewe akizeeka. Akifa mapema, malipo yalitolewa kwa mkupuo, basi. Mwaka 1939 Bunge likairekebisha. Kuanzia 1940 watoto wa marehemu, na mjane anayewalea, wakaanza kulipwa kila mwezi. Hatua kubwa hiyo. Lakini fao la mzazi aliyebaki na watoto lilikuwa la mama tu. Kwa wabunge wale, mume ndiye mtafutaji, mke ni wa nyumbani.

Sasa sikia. Juni 1972, Paula Wiesenfeld, mwalimu wa New Jersey, alifariki akijifungua. Mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mumewe, Stephen, na makato alikatwa kama mwanamume yeyote. Stephen akataka kukaa nyumbani amlee mwanawe, Jason. Akajibiwa: mtoto atalipwa, wewe hapana. Angekuwa mwanamke, angelipwa!

Wakili wake alikuwa Ruth Bader Ginsburg, ambaye mwaka 1993 alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu hiyo hiyo. Hoja yake ilikuwa rahisi: aliyeonewa si mgane peke yake, ni marehemu pia. Paula alichangia kama wanaume, familia yake ikalindwa pungufu. Machi 1975 majaji wote 8 walioshiriki walikubali kwamba ubaguzi huo unavunja katiba. Jaji William Rehnquist alimtazama mtoto: kama lengo ni alelewe na mzazi aliyebaki, kuna sababu gani ya kumtenga baba?

Mimi anayenigusa zaidi ni Paula. Tukizungumzia mafao huwa tunamtazama anayepokea, tunamsahau aliyeyatolea jasho.

Dada zangu mnaokatwa kila mwisho wa mwezi, mmewahi kuuliza? Siku mkiondoka, makato yenu yatamlinda nani?