Kiunzi cha Seli

Kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, kile wanachotafuna watoto wa shule Bukoba na Muleba siku ya dawa za minyoo, humshambulia mnyoo kupitia kitu ambacho wanabiolojia hukiita saitoskeletoni. Kwa Kiswahili napendelea kiunzi cha seli. Wapo wanaosema mifupa ya seli, lakini ndani ya seli hakuna mfupa. Kuna nyuzi za protini.

Nyuzi hizo ni za aina tatu. Nyembamba kabisa ni za aktini, zenye upana wa nanomita 7 hivi. Ndizo huiwezesha seli kutambaa na misuli kujikunja. Nyuzi za kati, nanomita 10, huizuia seli isichanike inapovutwa, na keratini ya kucha zetu ni ya kundi hili. Nene zaidi ni vijirija, nanomita 25, vyenye uwazi katikati, vilivyoundwa kwa protini iitwayo tubulini. Juu ya vijirija mizigo ya seli husafirishwa, na seli inapogawanyika ndivyo huzitenganisha kromosomu.

Neno kiunzi lina upungufu mmoja. Fito za msonge wa Kihaya zikishafungwa hukaa miaka. Kijirija kinaweza kurefuka na kubomoka ndani ya dakika chache, kisha tubulini ileile ikajenga kingine. Mwalimu anayelitumia neno hili aliseme jambo hilo papo hapo, maana nguvu ya dawa imo humo.

Albendazoli hunata kwenye tubulini-beta ya mnyoo na kuzuia ujenzi mpya. Vijirija vya zamani hubomoka, vingine havijengwi. Seli za utumbo wa mnyoo hushindwa kufyonza sukari, naye hufa njaa. Ndivyo inavyompata hata mnyoo wa safura, ambaye kiluwiluwi chake hupenda udongo wenye unyevu na kivuli, kama wa kibanja cha migomba, na huingia kwa nyayo zilizo wazi. Tubulini ya binadamu haishikwi kwa nguvu hiyo. Hata hivyo mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hapewi dawa hii, kwa kuwa seli za kijusi zinagawanyika kwa kasi.

Katika minyoo ya mbuzi na kondoo, badiliko la asidi amino moja tu, ya 200 katika tubulini-beta, linatosha kuifanya dawa ishindwe kunata. Mfugaji anayetoa dozi pungufu huwaacha hai minyoo wenye badiliko hilo, nao ndio watakaozaana malishoni.